Chungu Kinataka Upepo

Watu wakisikia kwamba nilikuwa dobi wanadhani kazi yenyewe ni kufua. Kufua kila mtu anaweza, hata mlevi. Kazi ya dobi ni kukausha. Mteja hafurahi kwa sababu shati lake limetakata. Anafurahi kwa sababu Ijumaa kabla ya swala limekauka, limepigwa pasi, analivaa. Kwa miaka kumi na tatu pale Jabe niliishi kwa kuyatoa maji kwenye nguo za watu, na wallahi hakukuwa na mtu mtaa ule aliyeyajua maji kunishinda. Ndiyo maana mambo yaliyotokea yananiuma mpaka leo. Mjinga angesamehewa.

Nilijua kwamba jua si kila kitu. Wanaoanza kazi hukimbilia jua. Mimi nipe upepo, wewe baki na jua lako. Shuka iliyotandazwa kamba nzima hukauka wakati ile iliyokunjwa mara mbili bado inadondosha, kwa sababu maji huondokea pale yanapokutana na hewa, na ukiyabana yatakaa. Nilijua pia kwamba hewa nayo hushiba. Masika, ikiwa imejaa unyevu, unaanika soksi moja asubuhi na jioni unaikuta vilevile, maana hewa haina tena pa kuyaweka maji yako. Na nilijua, bila kufundishwa na mtu, kwamba maji yakiondoka huondoka na joto. Vaa shati bichi usimame kwenye upepo wa ziwa, uone kama hutatetemeka mchana kweupe.

Kwa ujuzi huo nilimtunzia mwanangu dawa.

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na moja na alikuwa na ugonjwa wa sukari. Si ule wa wazee unaotulizwa kwa vidonge na kuacha soda. Huu wa watoto hautaki mchezo: bila sindano asubuhi na jioni, mtoto anakunywa maji hatosheki, anakojoa, anakonda mbele ya macho yako, halafu analala usingizi ambao humwamshi. Dawa yenyewe imo kwenye kichupa cha kioo na haipendi joto. Zamani tulikiweka kwenye frigo ya muuza duka jirani. Vita vilipokuja, nguzo za umeme zikaangushwa huko milimani, mipaka ikafungwa, na ile frigo muuza duka akaanza kuwekea viatu. Muuguzi aliyenipa kichupa cha mwisho alichokuwa nacho alinishika mkono akasema, "Mama, ikipata joto siku nyingi inakufa, na ikifa huwezi kujua kwa macho. Utakuwa unamchoma mtoto maji tu."

Basi nikatafuta vyungu viwili vya udongo, kimoja kikubwa, kimoja kidogo. Kidogo nikakiingiza ndani ya kikubwa, kati yao nikajaza mchanga, mchanga nikaunywesha maji, juu nikafunika kitambaa kibichi. Kichupa ndani, kimezungushiwa leso. Chungu nikakiweka juu ya meza mbele ya dirisha la upande wa ua, pale upepo wa ziwa unapoingilia kila alasiri. Maji yalipenya udongo, yakatoka nje kama jasho, upepo ukayachukua, na kila yalivyochukuliwa ndani kukapoa. Sikuwa na kipimo. Nilikuwa naingiza mkono, natoa kichupa, naweka shavuni. Kikiwa baridi shavuni, nasema alhamdulillahi, narudisha. Majuma matano tulikwenda hivyo, na mtoto alikuwa anacheza kamba na wenzake.

Halafu mabomu yakaanza kuanguka mjini.

Ilikuwa kiangazi, vumbi tupu, upepo mkavu, msimu mzuri kuliko wote kwa dobi. Nyumba yangu ilikuwa ya matofali ya kuchoma, za majirani zilikuwa za mbao na mabati, kwa hiyo wakaja kwangu. Walikuja fundi magari wa ua wa pili na mke wake, watu wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, waliokuwa wamekimbia vita vya kwao wakaangukia kwenye vyetu, pamoja na kitoto chao kichanga, na wengine saba wa uani kwetu. Pamoja na mimi na binti yangu tulikuwa kumi na wawili kwenye chumba kimoja. Fundi alisimamisha magodoro kwenye madirisha yote mawili, akasukuma kabati kwenye mlango. Nilimshukuru kwa mikono miwili. Mimi mwenyewe nilichomeka matambara kwenye nyufa ili vigae vya mabomu visipenye.

Na nguo za wateja, kwa kuwa nilikuwa nimeshazifua na siwezi kuziacha nje, nikazifungia kamba humohumo ndani, juu ya vichwa vya watu. Mashuka manne, suruali, mashati. Chungu nikakisogeza pembeni kisipigwe teke.

Siku ya kwanza hatukufanya kitu ila kusikiliza. Siku ya pili binti yangu akaanza kuomba maji. Nikampa. Akaomba tena. Nikajiambia ni hofu, ni joto la watu, maana hata sisi wakubwa koo zilikuwa zimekauka. Usiniulize nilikuwa nafikiri nini. Sindano zake nilimchoma kwa wakati wake, asubuhi na jioni, dozi ileile, nikaona nimemaliza kazi ya mama.

Siku ya tatu asubuhi nilinyoosha mkono kugusa shati moja pale kambani. Lilikuwa bichi. Siku mbili nzima, kiangazi, shati jembamba, bichi! Nikagusa shuka, shuka nayo bichi. Ukuta ulikuwa unateleza kwa maji. Nikaanza kugomba peke yangu: nguo gani hizi, za shetani? Nguo haziwezi kukauka kwenye chumba kilichofungwa na watu kumi na wawili wanapumulia humo, kila pumzi ina maji, hewa imeshashiba tangu juzi...

Hapo nikageuka kuangalia pembeni. Chungu kiko kwenye hewa hiyohiyo.

Nilikirukia. Mchanga ulikuwa umelowa, kitambaa kimelowa, na mimi siku zote hizo nilikuwa nakipapasa naona kimelowa nafurahi, mpumbavu mimi, kumbe kulowa si kupoa. Kupoa ni kuondoka kwa maji. Nilitoa kichupa nikaweka shavuni. Kilikuwa na joto lilelile la shavu langu. Sikusikia baridi yoyote, kama vile nimeshika kidole cha mtu.

Daktari mmoja aliniambia miaka ya baadaye kwamba labda siku mbili zile hazikutosha kuiua dawa, kwamba hofu peke yake huweza kupandisha sukari ya mtoto. Labda. Yeye hakuwemo mle ndani.

Niling'oa nguo za wateja kambani, nikazirundika kwenye beseni, nikasogeza kabati, nikalisukumia beseni uani kwa upenyo wa mlango, nikalirudisha kabati. Ziende. Kisha nikashika godoro la dirisha la ua.

"We dada, unafanya nini?" fundi akanishika mkono.

"Nafungua."

"Apana! Unataka tukufe wote juu ya chungu?"

"Chungu kinataka upepo," nikamwambia. "Mwanangu anakufa mimi namwangalia. Niachie."

Tulivutana godoro, mimi na mwanaume yule, kama watoto wanaogombea mkeka. Nje kitu kilianguka mbali kidogo, bati zikalia, watu wakapiga kelele. Nasema ukweli, maana nimezeeka na sina wa kumwonea haya: dakika ile ningekubali wote kumi waondoke ilimradi yeye mmoja abaki, na kile kichanga kikiwemo. Mungu anisamehe. Sikuona watu, niliona ukuta wa nyama ulioniziba upepo.

Fundi ndiye aliyetangulia kuachia. Alimtazama binti yangu, aliyekuwa amelala ubavu na midomo imepasuka, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Upande wa ua tu. Na batu wote walale chini." Nikamwambia dirisha moja halitoshi, upepo ukiingia lazima uwe na pa kutokea, uliza dobi yeyote. Alitukana kwa Kifaransa. Kisha akasogeza kabati, akauacha mlango wazi upana wa kiganja. Watu wakalala kando ya kuta, chini ya usawa wa dirisha, wakaniacha na meza yangu katikati na chungu nilichokirudisha juu yake.

Upepo ulipita. Harufu ya vumbi na ya kitu kinachoungua, lakini ulipita. Nililala chini ya meza na kila baada ya muda nilikuwa napandisha mkono kugusa ubavu wa chungu. Alasiri nilipotoa kichupa na kukiweka shavuni kilikuwa baridi. Baridi kidogo, lakini baridi. Nikamchoma dozi yake ya jioni, sijui kama namchoma dawa au maji, na dozi sikuthubutu kuizidisha, maana kama dawa ilikuwa bado hai ningemuua kwa kumpa nyingi.

Sasa likaja jambo lingine. Chungu kinachopulizwa na upepo kinakunywa. Mchanga ambao ndani ya hewa mbovu ulikaa siku mbili haupungui, sasa ulikuwa unakauka kila saa chache, na ni lazima uutilie maji. Bombani maji yalikuwa yamekatika tangu siku ya kwanza. Tulikuwa na bidoni moja, dumu la maji, na hiyo bidoni asubuhi ya siku ya nne ilikuwa chini ya nusu, kwa watu kumi na wawili, na mmoja wao ana kiu isiyokatika.

Nilichota kikombe, nikamimina kwenye mchanga. Mke wa fundi alikuwa ananitazama, kichanga kiko titini na titi halitoi kitu.

"Unamwanga mayi mu muchanga," akasema.

"Ndiyo."

"Batoto banasikia kiu, we unanywesha chungu!"

"Nyamaza."

"Sinyamaze! Yesu wangu, huyu mwanamuke iko na kichwa gani? Mayi inapotea mu hewa tunaangalia!"

"Ikipotea ndiyo inafanya kazi!" nikampigia kelele. "Isipopotea mwanangu amekufa, umesikia? Kama unataka kikombe hiki njoo unipokonye, tuone!"

Hakuja. Alijigeuza ukutani, na tangu hapo hakunisemesha. Lakini kila binti yangu alipoomba maji nilimwona anageuza kichwa, anaangalia anavyoomba, anaangalia nimempa kiasi gani. Nikamchukia. Nilimchukia kuliko waliokuwa wanatupa mabomu, ambao sikuwa nawaona. Nikasema moyoni, huyu anamhesabia mwanangu kila funda.

Siku ya nne ikapita hivyo. Binti yangu aliomba maji, nikampa, nikatilia chungu, nikampa. Usiku sikusali kwa maneno, nilisema tu jina la Mungu. Asubuhi ya tano nikamchoma tena. Bidoni ilikuwa imebaki na vidole viwili chini. Watu wakagawana mafunda, kikombe cha mwisho nikautilia mchanga, na kwa mara ya kwanza wakanipisha. Nadhani wote walikuwa wameshaamua kwamba nimerukwa na akili, na mtu wa hivyo haguswi.

Mchana nilisinzia nimeegemea mguu wa meza. Nikaamshwa na mkono begani. Mke wa fundi.

"Dada," akasema. "Mutoto wako ajaomba mayi."

Nilidhani amekuja kunisuta. Nilikuwa tayari kumpiga.

"Tangu asubui," akasema. "Mi naangalia. Ata mara moja."

Nilitambaa mpaka kwa binti yangu. Macho yalikuwa wazi, yananiangalia vizuri, si yale macho ya jana. Nikamuuliza una kiu? Akatikisa kichwa.

"Apana, mama. Mi nina njaa."

Njaa! Siku tatu mtoto alikuwa hataki kuona hata kijiko. Nikaanza kulia kwa sauti, mbele ya wanaume, kamasi na yote. Na mara ileile nikashikwa na hofu mpya, kwa sababu dawa ikifanya kazi mwilini bila chakula nayo inaua, na ndani tulikuwa na unga wa muhogo na makaa, lakini uji hauchemki bila maji, na maji ya mwisho nilikuwa nimeyamwaga kwenye mchanga kwa mkono wangu.

Mke wa fundi aliingiza mkono chini ya kitenge chake akatoa chupa. Chupa ya soda, imejaa maji mpaka shingoni, kizibo kimefungwa kwa plastiki. Alikuwa nayo tangu siku ya kwanza, maji aliyoyachemsha kwa ajili ya kichanga chake, ameyaficha kwenye nguo, amelala juu yake, wakati ananigombeza kwa kikombe kimoja. Hakuniangalia. Mimi sikumlaumu, ningeificha na mimi, na ningeificha vizuri zaidi. Alimimina nusu kwenye sufuria, akasita, akamimina iliyobaki, akaanza kukoroga uji. Binti yangu alikunywa bakuli zima.

Mabomu yalikoma, dawa ikapatikana kidogo kidogo, na aliishi mwaka mmoja na miezi minne baada ya siku ile. Aliondoka masika ambayo dawa ilikosekana mji mzima, nikaitafuta mpaka Cibitoke nikarudi mikono mitupu. Siku hizo hakukuwa na bomu hata moja. Bombani maji yalikuwa yanatoka, dirisha lilikuwa wazi mchana kutwa, na chungu kilikuwa baridi. Sikuwa na kitu cha kuweka ndani.