Saa ya Chaki kwenye Paji Langu

Miaka ya hamsini, kwenye baraza yetu ya mafundi wa nguo pale Gisenyi, tulikuwa na muzee mumoja aliyeenda vita ya Abisinia bila bunduki. Alikuwa munganga wa askari: kazi yake kufunga vidonda na kubeba watu. Mi, mutu wa kuacha masomo mwaka wa nne juu hesabu ilinishinda nguvu, nilimucheka kila siku.

"Muzee, adui uliwapiga na bandeji?"

Anacheka, anaendelea kukanyaga mashini.

Siku moja mi na muzee tulitoka soko ya Kanama juu ya kamyo ya viazi. Nilikaa juu ya magunia kama sultani. Kwenye kona ya kuteremuka, freni zikakataa. Kamyo ikalala upande kwenye ukingo wa mufereji, sultani akawa mu mufereji chini ya magunia, chuma imemukata paja. Damu ilikuwa inaruka. Kamyo ilininingʼinia hapo juu, inalia krr, krr, bado inatafuta kuanguka, na esanse, petroli yake, inachuruzika. Watu wote walikimbia. Siwalaumu. Na mi ningekimbia, shida ilikuwa muguu.

Muzee alikuja, anatambaa kwa tumbo.

"Toka, muzee, itatuponda!"

"Nyamaza, mudogo wangu. Kelele inamaliza damu."

Akafunga paja langu na mukanda wake, akapitisha mukasi ndani ya mukanda, akazungusha mpaka damu ikasimama. Halafu akatoa chaki ya nguo, akaangalia saa yake, akaandika kwenye paji la uso wangu.

"Unanikata suti?"

"Naandika saa nimefunga. Daktari akiijua, muguu unaweza kupona. Asipoijua, ataukata."

Akalala juu yangu, mugongo wake kwa kamyo. Nilisikia moyo wake unapiga mbio kuliko wangu.

"Vitani ilikuwa hivi?"

"Kule walikuwa wanapiga na risasi."

"Uliogopa?"

"Nilijikojolea mara mbili. Bon, kukojoa hakuzuii mikono kufunga."

Wanaume wa kilima wakaleta magogo, wakategemeza kamyo, wakatuvuta. Mama mumoja akashika muguu wangu: "Yoo! Baridi kama samaki! Mufungulieni, muone huruma!" Tayari vidole vyake viko kwenye mukanda. Muzee akamushika mikono yote miwili, kwa heshima lakini kwa nguvu.

"Mama, huruma hiyo itamuua."

Hospitalini daktari alisoma paji langu kwanza, ndipo akaangalia paja. Akalegeza mukanda pole pole, akashona. Kesho yake muzee alikuja kunitazama. Nilikuwa sina utani hata mumoja.

"Kule Abisinia pia uliandika watu saa?"

"Wa kwanza sikumuandika. Nilimufunga, nikamutoa kwenye risasi, nikarudi kuchukua mwingine. Njiani wenzangu wakamuonea huruma, wakamufungulia. Damu ikamumaliza."

Akafunua blanketi, akakaa anaangalia vidole vya muguu wangu.

"Vichezeshe."

Nikavichezesha.

"Tena," akasema.