Siku Baba Alipowaambia Wakwe

Mwaka nilioposwa, baba yangu alikuwa ametoka kuugua. Haikuwa malaria wala presha. Ulikuwa ule ugonjwa wake wa kugeukia ukutani: halali, hali, hasemi, na mahindi yake pale Rudewa yanaliwa na nyani huku yeye yumo ndani, macho wazi. Ulimwanza ujanani, ukawa unakwenda na kurudi. Mama yake aliugua hivyohivyo, na kaka yake pia. Majirani waliuita uvivu. Sisi watoto tulifundishwa kwamba mtu akimuulizia, tujibu, "Baba amesafiri."

Safari hiyo mama aligoma kusubiri upite wenyewe. Alimpeleka hospitali, nami nikaomba ruhusa Mikumi, nilikokuwa napika kwenye nyumba ya wageni, nikaenda kumsaidia. Daktari alikuwa dada wa rika langu. Alimpa baba shikamoo, akasubiri mpaka marahaba ikatoka, ingawa ilitoka kwa taabu, ndipo akaanza maswali. Aliposikia habari za bibi na baba mkubwa, aliacha kuandika.

"Mzee, hii ni sonona," alisema. "Inatibika. Na mara nyingi inafuata ukoo."

Nikauliza lililokuwa likinisumbua. "Kwa hiyo na mimi ninayo?"

Alivuta kiti karibu. Akatueleza kwamba ubongo hupelekeana habari kwa kemikali, na mojawapo ni serotonini, inayohusika na usingizi, hamu ya chakula na hali ya moyo. Dawa atakayompa baba inafanya kazi hapo. Jeni, yale maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi, nazo zina mchango wake.

"Wataalamu waliwahi kudhani jeni moja ya serotonini ndiyo yenye kesi," alisema. "Walipopima watu wengi zaidi, haikuwa hivyo. Jeni ni nyingi, kila moja inachangia kidogo, na bado kuna maisha yenyewe: msiba, shida, upweke. Wewe hukurithi ugonjwa, dada. Ulichorithi ni uwezekano tu. Huenda usikuguse kabisa."

Ukiacha ile marahaba, baba alifungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu tuondoke nyumbani. "Kwa hiyo si uvivu?"

"Si uvivu, mzee."

Baba akalia palepale, mbele yetu sote. Sikuwahi kumwona akilia.

Dawa zilichukua wiki kadhaa kumkolea. Alianza kwa kuomba uji, kisha akaomba jembe. Alikuwa amekwisha kurudi shambani tulipopata habari kwamba wakwe wanakuja. Mchumba wangu, fundi pikipiki wa Mikumi, alitoka kwenye familia ya wakulima na wafugaji waliohamia kutoka Kanda ya Ziwa.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuja kusimamia mapokezi. "Hayo ya hospitali yaishie jikoni," alituagiza. "Nani ataoa kwenye nyumba yenye majini?"

"Ni jeni, shangazi, si majini."

"Si yote yanarithiwa?" alijibu, akaendelea kuchambua mchele.

Nilicheka, lakini sikumpinga. Nami niliogopa.

Wageni walikuja asubuhi: mshenga, ami wawili, na mama wa mchumba wangu. Baada ya salamu na chai, mshenga akauliza kama kuna jambo la ukoo wanalopaswa kulijua.

"Hakuna," shangazi alidaka. "Nyumba hii ni safi."

Baba akasimama. "Dada, nisamehe," alisema, kisha akawageukia wageni. "Mimi nina ugonjwa wa sonona. Mama yangu aliugua, kaka yangu aliugua. Natumia dawa na nina nafuu. Binti yangu ni mzima, ila damu yetu ni moja. Huenda siku moja ukamgusa, huenda usimguse. Sitaki baadaye mseme mliuziwa mbuzi kwenye gunia."

Nilikuwa nimejiandaa kuona aibu, lakini haikuja. Nilimtazama mtu huyu ambaye majirani walimwita mvivu, amesimama na shati lake la kanisani, hatetemeki, nikajikuta nimenyoosha mgongo.

Mama wa mchumba wangu ndiye aliyesema kwanza, akimuuliza mama yangu. "Akishikwa, nani anakaa naye?"

"Mimi," mama alijibu. "Namwogesha, namtoa juani, namlisha. Siku hizi kuna dawa, kazi imepungua."

Waliaga bila kutoa jibu. Shangazi hakumsemesha baba tena siku ile. Mchumba wangu alinipigia simu akasema ami zake wanabishana.

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Mimi nilishaamua zamani. Nasubiri wachoke."

Walichoshwa na mama yake. Mshenga aliporudi kukamilisha posa, alituambia mama yule alisema hivi: mzee anayeutaja ugonjwa wake mbele ya wageni, atatudanganya kwa lipi?

Tukaoana. Nilipojifungua mtoto wa kwanza, mama mkwe alikuja Mikumi kunihudumia. Haukupita muda, nikaanza kukosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, na akilia nilimsikia kama mtoto wa jirani. Wanawake waliokuja kunipa hongera walisema ni uchovu wa uzazi. Mama mkwe akakataa. "Baba yake alituambia," alisema, akambeba mtoto mgongoni, akanishika mkono mpaka kituo cha afya. Kwa kuwa tuliwahi, nilitibiwa mapema, nikarudi kumpenda mwanangu kabla hajajua kwamba nilikuwa mbali.

Baba alifika wiki ile na mfuko wa ufuta, akakaa nami uani mchana kutwa. Hakunipa mawaidha. Aliniuliza tu kama nimekula.

Siku hizi watu wa Rudewa wenye mgonjwa anayegeukia ukutani wanakwenda kwa baba. Hana dawa ya kuwapa. Anavaa lile shati la kanisani, anawasindikiza hospitali. Juzi alikwenda na mke wa mfugaji mmoja, wakakaa foleni hadi jioni. Shangazi mwenyewe ndiye humletea baadhi yao. Nami mtu akiniuliza mimi ni binti wa nani, namtajia majina yake yote matatu.