Risiti za Mashine Yangu

Mume wangu alipokwenda Dar es Salaam kuninunulia mashine ya kukoboa mpunga, alinisisitizia jambo moja tu: nikajisajili kwanza nipate TIN, ile namba ya mlipakodi yenye tarakimu tisa. Sikwenda. Aliyejitolea kunipeleka ofisini alikuwa mke mwenzangu, yule bi mdogo anayekaa ng'ambo ya daraja la Ndundu na duka lake la mbolea. Heri nife kuliko kuonekana Kibiti mjini nimefuatana naye, yeye mbele anaonyesha njia, mimi bi mkubwa nyuma na mkoba wangu. Nikasema nitakwenda mashine ikishafika.

Mashine ikafika, ikafungwa, watu wakaleta mpunga hata kutoka Dimani. Nikajisajili peke yangu. Wakati wa hesabu za mwaka ulipofika nikatia risiti zote kwenye bahasha, nikaenda kwa afisa wa kodi, mama mmoja mpole mwenye miwani.

"Gharama za kuanzia biashara hazipotei, mama," alinieleza. "Mota, kinu, nyaya, zote tunazitoa kwenye faida yako kabla ya kukata kodi. Vingine mara moja, vingine kidogo kidogo kila mwaka. Mradi risiti iwe na namba yako."

Akazipekua. Akazipekua tena. Kisha akauliza kama namjua mwanamke fulani, akataja jina la mke mwenzangu. Risiti zote kubwa zilikuwa na namba yake.

Nilimpigia mume wangu palepale.

"Muuzaji alitaka namba ya mnunuzi," akasema. "Wewe hukuwa nayo, nikampa ya mwenzio. Ile naijua kwa kichwa."

Kwa kichwa! Mwanamume ambaye mpaka leo huniuliza mtoto wetu wa kwanza alizaliwa mwaka gani! Tarakimu tisa za bi mdogo kazihifadhi kama sura ya Kurani. Nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi, roho inaniuma, najiuliza ni mara ngapi wamekaa pamoja kujaza fomu mpaka zikamganda hivyo.

Afisa alinipa njia: mwenye namba aandike barua kwamba vitu ni vyangu na kwamba hajaviweka kwenye hesabu zake, halafu yeye afisa ataona la kufanya. Bila hiyo, nilipe kodi kana kwamba mashine niliiokota njiani.

"Mficha uchi hazai," mume wangu akaniambia. "Nenda kamwombe."

Nikaenda. Njia nzima nilikuwa namwomba Mungu awe ameshaziiba gharama zangu, amejipunguzia kodi yake, nipate la kusema mbele ya wakwe.

"Shikamoo dada, karibu ndani," akanipokea. Nilipomweleza, hakushangaa. "Hizo sijazigusa. Zako hizo. Nilijua utakuja tu."

Akatoa faili lake. Risiti za mbolea, za kodi ya pango, za rangi ya ukutani, kila mwezi na kibanio chake. Hata faili lile nililionea wivu. Akaandika barua kwa mwandiko mzuri, akasaini, akanipa na juisi ya ukwaju. Nilitafuta kosa kwenye barua ile tangu mstari wa kwanza. Halikuwamo.

Ndani ya basi la kurudi nilianza kuwaza. Afisa akiikubali, mwaka huu na mwaka ujao na mwingine, kila nikipunguziwa kodi nitakuwa napunguziwa na yeye. Naye atakaa kimya, hatanikumbusha hata siku moja.

Sikuipeleka. Nililipa kodi yote, nikauza mbuzi wawili kuijazia. Mume wangu alisikitika sana na mpaka leo huwalaumu watu wa kodi, maana nilimwambia waliikataa barua ya mwenzangu, eti ina makosa.