Figa la Igwisi

Watu wa Usoke humcheka Apolinaria kwa chungu chake kinachoinama. Wacheke mpaka wachoke, wao wanajua nini?

Mjane huyu mkulima wa tumbaku ana mtoto mmoja tu, Elieth, aliyekwenda Ujerumani kusomea jinsi mawe yanavyogeuka yakikandamizwa kule chini kabisa ardhini. Kabla ya kuondoka alifika vilima vya Igwisi, akarudi na jiwe zito lenye punje za kijani. "Mama, nitunzie. Nitalifuata." Mama naye akalitia jikoni, likawa figa la tatu. Mwizi gani anaiba figa? Na kila alipoinjika chungu alijiambia: maadamu jiwe lipo, mtoto atarudi.

Akarudi kweli, baada ya miaka. Hata shikamoo haijaitikiwa, macho yake yakaangukia jikoni.

"Mama! Jiwe langu umelifanya figa?"

"Si ulisema nilitunze? Hili hapa, halijapotea."

Loo, Elieth nusura alie. Moto huharibu zile punje, alisema. Zikiwa zimegeuka nyekundu zote, kazi yake imekwisha. Akachukua nyundo. Apolinaria akajishika kichwa: ameunguza masomo ya mwanawe kwa maharage!

Jiwe likapasuka vipande viwili. Pembeni lilikuwa jekundu kama kutu, lakini katikati kijani kitupu, kibichi kama jani changa la tumbaku. Elieth akapiga vigelegele peke yake uani.

"Sasa utalifanyia nini?" mama akauliza.

"Punje moja nitaibana katikati ya almasi mbili, mpaka ielemewe kama kule chini ilikotoka. Hapo inageuka, inakuwa kitu kingine."

"Na ukiiachia, inarudi ilivyokuwa?"

"Mara nyingi hairudi, mama."

Moyo ulimuuma Apolinaria, wala hakuficha. "Na wewe je, mwanangu? Maana nilikuwa na jiwe la kukurudisha, na sasa unalibeba."

Elieth aliinama, akaokota kipande kikubwa, akakirudisha mahali pake jikoni. "Hiki kidogo kinanitosha kwa sasa. Kikiisha, nitakifuata hicho. Usikipikie maharage kila siku, basi."

Tangu hapo figa ni fupi, chungu kinainama, mchuzi unamwagikia majivuni. Juzi jirani yake Anifa alimhurumia, akamletea tofali zima. Alifukuzwa nalo.

"Litoe hapa! Figa hili lina mwenyewe, na anakuja kulichukua."