Kiti cha Shireen

Ismail Petersen wa Lansdowne alikuwa mume mwema mpaka aliponunua mizani. Si ya jikoni; ile ya kupimia mizigo. Kila alichokifungua kwenye Mazda yake ndogo ya viti viwili alikipima, kisha akamtajia mkewe uzito wake kwa sauti ya mtu anayetangaza kuandama kwa mwezi.

Gari hilo alilitumia kwendea kazini, na Jumamosi moja kila mwezi akalipeleka uwanja wa mbio, ambako mtu hulipa ili akimbize gari lake mwenyewe bila kushindana na yeyote. Ndivyo inavyosemwa. Alianza kwa pedi na oili ya breki za kustahimili joto, jambo la busara. Zikaja tairi. Halafu zulia likang'oka, redio ikafuata, na mwisho kiti cha abiria, alichokuwa akikalia Shireen, helmeti kichwani, akimpigia mumewe kelele azidishe mwendo.

"Kilo kumi na nne, Shireen."

"Na mimi je, umenipima?"

Ismail alicheka, akidhani ni mzaha. Tumbo lake, ambalo lingetoa kilo nyingi zaidi bila spana, hakuligusa.

Mwezi uliofuata Shireen alikwenda vilevile na sambusa zake, ila kwa gari la Yaseen Jappie, rafiki wa Ismail tangu madrasa. Yaseen aliachana na mkewe mwaka jana na tangu hapo ameanza kupiga pasi hata fulana. Gari lake jekundu lilikuwa bado na kila kitu, mpaka boksi la tishu. Kwa adabu kabisa aliuliza kama shemeji angependa kuzunguka naye kidogo. Ismail akasema, kwa nini asipende. Neno shemeji alikuwa amelisikia miaka na miaka. Siku hiyo lilimwingia sikioni kama mchanga wa upepo wa kusini-mashariki.

Uwanjani humo hulipiti gari mpaka aliye mbele ainue mkono kukuruhusu. Haikupita muda Ismail akaliona gari jekundu kwenye kioo, na ndani yake helmeti mbili, zikiinama pamoja kila kona. Ile ya abiria ilikuwa inatikisika, kama ya mtu anayecheka.

Mkono haukuinuka. Alichelewesha breki, akaserereka hadi majanini, akarudi barabarani, bado mbele. Raundi baada ya raundi aliwafungia njia. Kwa watu wasioshindana, sisi watazamaji tuliosimama kwenye ukuta wa kando ya njia tuliona ushindani wa kutosha. Mwishowe akanyooshewa bendera nyeusi: atoke.

Msimamizi alimsomea sheria mbele za watu. Ismail akajitetea kwamba kioo kilikuwa na vumbi. Yaseen alipofika alisema hakuna neno, akaenda kupoza injini yake. Shireen alisubiri afike mbali.

"Ulituona."

"Nilikuona unacheka."

"Nilikucheka wewe. Unavyolinda barabara, utadhani tunakuja kuiiba."

"Siku hizi hucheki hivyo kwenye gari langu."

"Kwenye gari lako nikae wapi, Ismail? Juu ya betri?"

Aliahidi kukirudisha kiti jioni hiyohiyo. Shireen akatikisa kichwa.

"Acha. Limekuwa jepesi, nimeliona kwa nyuma. Lete ufunguo."

Kumbe alikwishajiandikisha tangu asubuhi, kundi la wanaoanza. Ismail alimfunga mikanda mwenyewe, akaikaza, akailegeza, akaikaza tena, mpaka msimamizi akamwondoa kwa bega.

Tukabaki naye ukutani, Yaseen kando yake. Shireen alizunguka bila pupa. Gari la nyuma lilipomkaribia aliinua mkono, akaliacha lipite, kisha akaingia kona kwa mstari ambao Ismail ameutafuta tangu anunue gari.

"Aisee," alisema Yaseen. "Safi sana."

"Usimwangalie hivyo mke wangu."

"Naangalia gari, bwana."

Ismail alifikiri kidogo.

"Na gari usiliangalie."