Mbuzi wa Mama Neema

Sikupenda kuisimulia hii, ila mjomba wangu anaisimulia kila aendako na kila mara anaongeza chumvi, kwa hiyo bora mnisikie mimi niliyeaibika: Desemba iliyopita, Jumapili, jua kali, ufukwe wa Durban umefurika watu, nilikwenda kumposa msichana ambaye mama yake alikuwa hajui hata kama tunapendana, nimevaa suti na nimeshika kamba ya mbuzi.

Mimi ni fundi simu, kibanda changu kiko Greyville, na kwetu ni Uvira, Kongo. Neema ni wa Muheza, Tanga, anasoma chuo kule Westville. Tulikuwa tumependana mwaka mzima, na kitu pekee alichonichekea ni Kiswahili changu (nikisema "iko" tu, anashika mbavu). Mama yake alipokuja kumtembelea likizo, Neema akasema tusimshtue, twende polepole, akanitambulisha kama fundi aliyembadilishia kioo cha simu, jambo ambalo lilikuwa kweli, maana simu ya mama ilianguka siku ya pili tu. Nami nikajiapiza kwamba mbele ya mama huyu sitauliza neno lolote mara mbili, asije akasema binti yake amejipatia mtu asiyejua kuongea. Hapo ndipo nilipoharibu kila kitu.

Jumamosi asubuhi Mama Neema akanipigia.

"Fundi, kesho njoo pwani ule wali wa nazi wa kwetu. Nazi ninazo, mchele ninao, kinachonikwamisha ni mbuzi. Neema anasema una watu wengi mjini, hutakosa. Niletee mbuzi, baba, ila uangalie meno, yakiwa butu tutateseka."

"Mbuzi iko, mama. Haina shida."

Sasa jueni kwamba kwetu mama wa msichana hakuombi mbuzi hivi hivi. Mbuzi ni mahari. Na ameniita baba! Nikajua Neema ameshamwambia kila kitu na mama amenikubali, kilichobaki ni sherehe. Nilitaka kumpigia Neema nimuulize, kidole kikawa juu ya jina lake kabisa, nikaacha, nikasema nitamshangaza. (Nilimshangaza kweli.)

Badala yake nikampigia mjomba Safari, kaka yake mama yangu, anayekaa Chatsworth na ana pikapu, naye kwa furaha akalia kwenye simu. Tukaenda kwa muuza mbuzi nje kidogo ya mji, na yule Mzulu aliponiona nawafunua mbuzi midomo, nakagua jino moja moja, akacheka: "Eish, bhuti, lobola?" Yaani, kaka, mahari? Nikamjibu yebo, ndiyo, kwa maringo, nikachagua mwenye meno ya kukata waya.

Kesho yake, kwenye roboti ya mwisho kabla ya ufukwe (huku taa za barabarani ndizo roboti), taa nyekundu ilituchelewesha mpaka watoto wa magari yote wakatoa vichwa kutupiga picha. Tuliposhuka, mlinzi akauliza kama mbuzi naye amekuja kuogelea, mjomba akamjibu kwamba huyu ni mgeni wa mama, na wakati wanabishana mbuzi akanusa chakula, akanivuta, nikakimbia naye na viatu vyangu vya kung'aa kati ya miavuli na watu waliolala, huku nikiomba samahani kwa lugha tatu, hadi aliposimama mwenyewe kwenye mkeka mmoja na kuanza kula kachumbari. Mkeka wa Mama Neema.

Mjomba akafika anahema, akavua kofia, na kabla sijamzuia akaanza kwa sauti ambayo hata waogeleaji waliisikia.

"Mama, tumekuya! Uliita mbuzi, mbuzi ni hii. Mtoto yetu anapenda mtoto yako, tunaomba utupatie!"

Mama Neema alikuwa ameshika nazi iliyopasuliwa. Akamgeukia binti yake.

"Neema, huyu si fundi simu?"

Neema akajifunika uso kwa khanga.

"Mama, ulisema nilete mbuzi," nikasema, "yenye meno."

"Mbuzi ya kukunia nazi, baba!"

Kumbe kwao mbuzi ni kile kigoda chenye chuma cha meno mbele, unakikalia unakuna nazi. Mimi wa Uvira, nazi nimeziona ukubwani, ningejuaje? Watu walicheka mpaka wengine wakakaa mchangani, lakini Mama Neema hakucheka.

"Kwa hiyo mnapendana," akasema taratibu, "na mimi nimefichwa."

Neema alikuwa analia. Nikaona nimempoteza, na kwa kosa langu mwenyewe, na hilo liliniuma kuliko aibu yote ile. Kiswahili changu chenyewe ndicho kilichokuwa kimenifikisha pale.

"Na wali wangu nitaupikaje?" mama akauliza.

Hilo nililiweza. Nikampa mjomba kamba, nikaenda kwenye pikapu nikachukua ubao, nyundo na misumari, nikaokota vifuniko vya bati vya soda kwa wale wale walionicheka, nikavipigilia mwishoni mwa ubao, ncha zake zikitazama juu. Jasho linanitoka, suti imejaa mchanga. Mama akaukalia ubao, akakuna mara moja, mara mbili, nazi ikashuka nyeupe kwenye sinia.

"Meno yapo," akasema. Kisha akamtazama mbuzi, akanitazama mimi, akaangua kicheko mpaka machozi yakamtoka, na Neema akatoa uso kwenye khanga.

Wali tulikula. Mbuzi akarudi Chatsworth, na mpaka leo yuko kwa mjomba, ananenepa kwa maua ya jirani. Nami nimeapa: neno nisilolielewa nitaliuliza, hata mara kumi, hata nichekwe.

Wiki iliyopita Mama Neema kapiga simu kutoka Muheza.

"Fundi, yule mbuzi hajambo?"

Mara hii nikauliza.

"Samahani mama, mbuzi yupi? Wa nazi au wa pembe?"

Akacheka.

"Wa pembe, baba. Mwambie mjomba wako asimuuze."