Mama Vifuniko na Mtihani Usio na Vifuniko

Saa tisa na nusu alasiri, kengele ya kutokea imeshalia, na mfagizi wa shule ya sekondari anamwaga gunia la vifuniko vya chupa kwenye sakafu aliyoipiga deki mwenyewe asubuhi. Vijana kumi na wanne wanavizunguka. Leo wanatengeneza ua la duara la kubandika ukutani, upana wake mita moja, na hakuna kugusa gundi kabla ya kusema litakula vifuniko vingapi.

"Ukikosea, ua linabaki na pengo," anawaambia. "Kwenye daftari unalifunika kwa mkono. Ukutani utalifunika na nini?"

Mwandishi wa makala haya, ambaye hesabu zilimtoa jasho tangu darasa la nne, alipiga hesabu yake kimyakimya. Ua lake lingekuwa na pengo la kupita kuku.

Wanafunzi humwita Mama Vifuniko. Ana miaka arobaini na mmoja, kumi na mitatu kati yake akiwa na ufagio wa shule hii. Alimaliza kidato cha nne akiwa amefaulu masomo yote isipokuwa hesabu, aliyoifeli mara mbili. Aliyemfumbua macho ni mumewe, fundi mwashi, siku alipomwonyesha kamba yenye mafundo kumi na mawili. Ukiivuta iwe pembetatu, upande mmoja nafasi tatu za fundo hadi fundo, wa pili nne, wa tatu tano, unapata kona ya mraba ya kuanzia msingi wa nyumba.

"Nilikasirika," anasema. "Ile kanuni niliyochapwa viboko kwa ajili yake, kumbe ilikuwa kamba."

Alianza na binti wa dada yake, aliyekuwa akilia kila siku yenye kipindi cha hesabu. Binti akaleta rafiki, rafiki akaleta mwenzake, na haba na haba stoo ya madawati mabovu ikawa darasa. Nyumbani nako maboksi na makopo ya kufundishia yamejaa hadi mvunguni. Mumewe huwaambia wageni kwamba anaishi kwenye jalala lenye mlango.

Muhula uliopita, kumi na mmoja kati ya vijana wake walifaulu hesabu kwa mara ya kwanza. Mkuu wa shule alimwita, akampongeza, kisha akamweleza kwa upole kwamba kuna mzazi amelalamika mwanawe kufundishwa na mtu wa ufagio, na kwamba kanuni iko upande wa mzazi: asiyefaulu hesabu haruhusiwi kuifundisha. Amepewa hadi mtihani wa hesabu wa kidato cha nne wa mwaka huu. Akifaulu, atakuwa msaidizi wa mwalimu. Akifeli, stoo inafungwa.

Amejiandikisha. Ada imemega zaidi ya nusu ya mshahara wake wa mwezi, lakini si hiyo inayomnyima raha. Ni mikono yake. Kwenye mtihani wa majaribio aliulizwa mzingo wa duara, na kabla hajajijua alikuwa ametoa kifuniko mfukoni, anakiviringisha juu ya karatasi. Mwalimu msimamizi alikichukua. Muda wote uliobaki alikaa ameduwaa, akaambulia alama kumi na tisa. Anahitaji arobaini.

"Nililia chooni nimeshika ndoo, ili mtu akiingia adhani nasafisha," anasema.

Vijana hawakumbembeleza. Siku hizi, vifuniko vikishazolewa, mwalimu ni yule binti wa dada yake, mwenye miaka kumi na saba na asiyejua kucheka na mtu.

"Mifuko nje, mama mdogo," anaamuru, na mama mdogo anaigeuza mifuko.

Mwanzoni alimruhusu kuchora kila kifuniko. Baadaye, nukta tu. Sasa ni tarakimu na herufi, basi. Wiki iliyopita alipata thelathini na sita, na zimebaki wiki saba.

Asubuhi ya mtihani, zamu ya kufagia ukumbi ni yake. Mkuu alitaka kumpumzisha, amekataa.

"Nitafagia, nipange madawati, nivue koti la kazi, nikae," anasema. "Miaka yote nimeufagia ukumbi ule kwa ajili ya mitihani ya watoto wa watu. Safari hii nafagia kwa ajili ya mtihani wangu."